Sauti ya Apolena

Apolena aliuliza tu bei ya mbavu za nguruwe, na bucha zima likaangua kicheko kana kwamba amevukwa na sketi. Holub mwenye bucha, pande la mtu lenye mashavu mekundu, aliinama chini ya meza akajifanya anatafuta kisu. Mkewe, aliyekuwa akifunga soseji, alijiziba mdomo kwa aproni.

"Kuna nini?" Apolena akauliza.

"Hakuna kitu, Bi Apolena," Holub akajibu, machozi ya kucheka yakimlengalenga. "Ulikuwa unasemaje vile?"

"Nimeuliza, mbona bei imepanda?"

Hapo Holub akashindwa kabisa. Akageukia ukutani, mabega yakimtikisika, na nyama ikabaki juu ya mizani bila mwenyewe. "Msamehe, mama," mkewe akasema. "Tangu aanze kwenda kwenye mazoezi ya mumeo amekuwa mtoto mdogo."

Apolena alilipa bila kupatana bei, jambo ambalo mji mzima wa Klatovy haukuwahi kuliona, akatoka nje masikio yakimwaka moto. Holub aliimba besi kwenye kwaya ya mumewe. Na angekuwa Holub peke yake, angesema mtu mwenyewe hana akili. Lakini Jumapili iliyopita mke wa daktari alimshika mkono mlangoni mwa kanisa kwa huruma ya ajabu ajabu, ya kumpa mtu pole kabla hajafiwa. Kwa muuza dawa nako mazungumzo yalikatika alipoingia, na mtu mmoja akakohoa. Mji mzima haumcheki mwanamke bila sababu, na mwanamke wa miaka arobaini aliyeolewa na mwanamuziki huijua sababu moja tu.

Sababu hiyo ilikuwa na jina. Iliitwa Vilma.

*

Mumewe, Hynek Vrzal, alipiga kinanda kanisani, akafundisha watoto wa watu piano, akaongoza kwaya ya Chama cha Waimbaji. Lakini hizo zote alizihesabu kazi za kutafutia mkate. Kazi yake hasa ilikuwa kutunga, na kwa miaka miwili alikuwa akitunga opera kuhusu mke na mume wa kijijini. Sasa ilikuwa tayari, na ingeonyeshwa Jumapili mchana kwenye ukumbi wa Chama. Meya angekuja. Watu kutoka jiji la Praha wangekuja, au ndivyo Hynek alivyokuwa akiambia watu.

Vilma ndiye angeimba kama mke. Alikuwa binti wa mwenye kiwanda cha bia, mrefu, na sauti yake ya kwanza, ile ya juu kabisa, iliwafanya hata walevi wavue kofia. Alikuja nyumbani kwa mazoezi ya peke yake, na kila alipokuja Hynek alifunga mlango wa chumba cha piano.

"Niwaletee kahawa?" Apolena aliwahi kuuliza.

"Usiingie. Ukiingia wewe atashindwa kuimba."

"Nina nini mimi? Pembe?"

Hynek alimtazama mkewe kidogo, akatabasamu, akafunga mlango.

Apolena akamfuata Terka, mtumishi wao, jikoni. Terka alikuwa akikanda unga, na alipomwona bosi wake ameegemea mlango kwa namna ile, akaanza kukanda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Wakiwa mle ndani wanafanya nini?"

"Wanaimba, mama."

"Wanaimba tu?"

"Saa nyingine wanacheka."

"Wanacheka nini?"

"Mimi nitajuaje, mama? Mlango umefungwa." Terka akainamia unga. Shingo yake ilikuwa nyekundu, na Apolena akaona wazi kwamba hata mtumishi wake mwenyewe anajua, na anamficha.

Tena kulikuwa na lile la mezani. Tangu majira ya mavuno Hynek alikuwa amegeuka mgomvi, yeye ambaye zamani ungeweza kumpa supu ya maji matupu akasema asante. Siku hizi alikaa, akaonja kijiko kimoja, akaanza uchokozi.

"Supu haina chumvi."

"Chumvi hiyo hapo mbele yako."

"Mama yangu alikuwa anatia chumvi wakati wa kupika."

"Basi kamchimbue akupikie!"

"Unaona? Mtu akisema neno moja, wewe kumi."

"Neno moja? Siku zote wewe neno moja! Siku zote! Mimi ndiye wa kunyamaza, siku zote mimi!"

Na ndipo ugomvi ulipokatika ghafla kila mara, kana kwamba mtu amezima taa. Hynek aliinamisha kichwa upande, macho yake yakalainika, na uso ukamjaa utulivu ambao Apolena hakuuona hata kitandani.

"Rudia," alisema kwa upole.

"Nirudie nini?"

"Hiyo ya mwisho. Ile 'siku zote'."

"Unanifanyia dhihaka?"

Naye aliondoka mezani, akaacha madonge ya unga yaliyochemshwa yapoe sahanini, akajifungia chumbani na piano. Apolena alibaki na kijiko mkononi. Kwake maana ilikuwa moja: mwanamume anayetafuta ugomvi anatafuta sababu. Anakusanya makosa ya mkewe, apate la kumwambia mwingine.

Angekumbuka vizuri, pengine angeelewa mapema. Walipokuwa wachumba, Hynek alikuwa na ugonjwa wa kuandika sauti za watu. Mama mmoja sokoni akimwita kuku wake, mlinzi wa stesheni akitangaza treni, Hynek alitoa penseli na kuandika nota zake palepale kwenye pindo za mikono ya shati. "Watu wanaimba siku nzima, Polenka," alimwambia, "ila hawajui." Yeye alicheka, akazifua zile pindo, akampenda. Lakini nani hufikiria kwamba soko la mumewe limehamia mezani kwake?

*

Alhamisi ya mwisho kabla ya maonyesho, Apolena alijitanda shali nyeusi akaenda ukumbini kwa mlango wa nyuma. Alipanda roshani, kulikorundikwa mabenchi mabovu, akakaa gizani kati yake. Alikuwa amejiandaa kuona mkono juu ya bega, au macho yakikutana kwa muda mrefu kupita kiasi. Alikuwa hata ameshachagua maneno ya kusema atakaposhuka.

Chini, Hynek alisimama mbele ya wapiga fidla, amempa mgongo. Vilma alikuwa jukwaani amevaa aproni, kikapu mkononi, akijifanya yuko sokoni. Mbele yake alisimama Holub, aliyeigiza mume. Hynek akainua kijiti.

"Mbona bei imepanda?" Vilma akaimba.

Kwaya nzima ikacheka. Apolena akashika benchi.

Ilikuwa sauti yake. Siyo maneno tu, maana maneno hayo ni ya kila mtu. Ilikuwa ule mpando wa "mbona", unaoanzia puani, na ule uzito alioutua kwenye "bei" kana kwamba anaangusha ndoo. Vilma alikuwa ameweka mkono wa kushoto kiunoni, vidole vikitazama nyuma, na hivyo ndivyo Apolena alivyozoea kusimama tangu alipojifungua. Kisha ukaja ugomvi wa mezani. "Siku zote wewe! Siku zote mimi!" Ile "siku zote" ilipanda, ikakwama kooni, ikashuka, na wapiga fidla wakairudia nyuma yake, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa kasi, hadi jikoni kwake kote kukawa juu ya jukwaa na watu wanajipiga mapajani kwa kicheko.

Kwa muda mfupi sana Apolena alipumua. Hakukuwa na mwanamke mwingine. Halafu hasira ikamjia, na ilikuwa mbaya kuliko ile aliyokuja nayo. Mwizi wa mume humwachia mwanamke walau sauti ya kumtukania. Hynek alikuwa amechukua hata hiyo, akamvalisha binti wa bia, na Jumapili angeiuzia tiketi.

Alitaka kushuka. Lakini sehemu ya tatu ikaanza, akabaki palepale.

Palikuwa na kitanda cha mtoto jukwaani. Vilma alikuwa amepiga magoti kando yake, na Holub amesimama mlangoni hana la kufanya. Kwaya ilinyamaza. Vilma akaimba chini kabisa, "Mfunike miguu. Miguu imepoa."

Hata hilo! Toník, mtoto wao, alikuwa na miaka miwili dondakoo lilipomchukua, na hayo ndiyo Apolena aliyosema, kwa sauti hiyohiyo kavu, ya mtu anayemwambia mtumishi afunike unga. Hakulia. Machozi hayakuja siku ile wala siku ya mazishi, na mama mkwe alimsema mji mzima kwamba ni mwanamke mkavu. Hynek naye hakulia. Hata kumfunika mtoto hakumfunika. Alichukua kofia akasema ana misa ya jioni ya kupigia kinanda, akaondoka. Miaka tisa imepita na Apolena hajamsamehe ile kofia.

Kisha Vilma akafungua kinywa, na ikatoka sauti ambayo Apolena hakuijua. Ilipanda kidogo kama inauliza, ikasimama, ikaanguka chini kabisa, na chini huko ikakatika vipande vitatu. Mwanamke mmoja wa kwaya alifuta macho. Holub mwenyewe alikuwa ametazama viatu vyake.

Apolena hakufuta chochote. Alikuwa akifikiri. Hiki kilio si changu, alijiambia. Sasa ni cha nani?

*

Hynek alimkuta amekaa sebuleni, shali bado kichwani.

"Nilikuwa roshani," Apolena akasema.

Hynek alikaa chini taratibu. "Umesikia yote?"

"Bucha limenisikia kabla yangu. Muuza dawa kanisikia. Wiki tatu nachekwa, nami nadhani mume wangu ana hawara!"

"Polenka, mimi sikucheki. Ni muziki bora kuliko wote niliowahi…"

"Nyamaza kwanza. Hayo ya supu tutayarudia. Kile kilio cha mwisho ni cha nani?"

"Kilio gani?"

"Unakijua. Baada ya miguu."

"Ni cha mke. Wa kwenye opera."

"Nauliza kilitoka kwa nani."

"Nimekitunga."

Apolena akacheka, na kicheko hakikuwa kizuri. "Wewe? Hynek, hujatunga kitu tangu uzaliwe. Kila kitu umeokota. Kuku umeokota, treni umeokota, mimi umeniokota mezani pangu. Kuna mwanamke alilia mbele yako hivyo. Ni yule mjane wa Sušice unayemfundishia wanawe? Alifiwa na mtoto? Mtoto wa nani?"

"Una wazimu."

"Basi sema ni nani!"

Hynek alikuwa amebadilika rangi. Mtu aliyesingiziwa hukasirika, yeye aliogopa. Apolena aliliona hilo sawasawa, na likamwingia moyoni kama baridi.

"Siwezi," Hynek akasema, akainuka, akaenda kulala bila kula.

*

Asubuhi Apolena aliamka na wazo, na hakujivunia. Ikiwa sauti ya mtu huokotwa kwa kumchokoza, alijiambia, basi na yeye achokozwe. Alingoja hadi Hynek aweke kahawa mdomoni.

"Dada yake Terka kajifungua mtoto wa kiume," akasema huku akipaka mkate jamu ya plamu. "Hawana kitu kule nyumbani. Nimewapa nguo za Toník."

Kikombe kikasimama hewani.

"Zote?"

"Zote. Na kile kikofia cha bluu."

Hynek alijaribu kusema kitu. Alichotaka kusema hakikupata maneno, kikatoka hivyohivyo: kilipanda kidogo kama kinauliza, kikasimama, kikaanguka chini kabisa na kukatika vipande vitatu. Kahawa ilimwagika kwenye kitambaa cha meza. Alijishika mdomo kwa viganja viwili, kama mtu anayezuia kutapika, na juu ya viganja macho yake yalikuwa ya mtoto aliyekamatwa.

Apolena hakusogea. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, na alipojigundua aliona aibu.

"Ni wewe," akasema.

Hynek alilitazama doa la kahawa.

"Ulikwenda kupiga kinanda cha misa."

"Hakukuwa na misa," Hynek akasema kupitia vidole. "Ilikuwa Jumanne. Hujawahi kujiuliza misa gani ya jioni Jumanne? Nilijifungia kule juu nyuma ya kinanda, kwenye mifuko ya upepo inayokipa sauti. Nilidhani nitakufa. Na sikio langu hili, Mungu analijua, likawa linasikiliza. Ninalia, na huku linaandika. Nikajichukia. Nikasema, huyu si baba, huyu ni kichaa. Ningerudije nikakuambia?"

"Kwa hiyo ukaniachia mimi."

"Nini?"

"Kilio. Ulikuwa nacho miaka tisa, kikakushinda kukibeba, ukanivalisha mimi. Mbele ya watu, mwanamke alie. Mwanamume asimame mlangoni."

"Ndivyo watu wanavyotegemea."

"Ndivyo mama yako alivyotegemea. Mimi nimeitwa mkavu mji mzima kwa sababu machozi yalikuwa kwako, umeyaficha kwenye mifuko ya upepo!" Sauti ilimpanda, ikakwama, na wote wawili waliisikia ikikwama. Apolena akamnyooshea kisu cha mkate. "Thubutu uniambie nirudie."

"Sijasema kitu."

"Nguo ziko kabatini. Sikuwapa. Lakini Jumapili hicho kilio ataimba Holub."

Hynek akashusha mikono. "Holub? Haiwezekani. Mwanamume alie vile jukwaani, mbele ya meya? Watamcheka. Watanicheka."

"Mimi wamenicheka wiki tatu, na bado nanunua nyama."

"Nota zenyewe ni za sauti ya kwanza. Zote inabidi zishushwe."

"Leo Ijumaa. Shusha." Akasukuma kiti. "La sivyo Jumapili nitakaa mstari wa mbele, na Vilma akiuliza mbona bei imepanda, mimi nitamjibu. Na unaijua sauti yangu, inafika."

Aliifungua piano mwenyewe, akamwekea wino.

*

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Apolena aliketi mstari wa mbele, amevaa gauni lake la kanisani. Wakati wa soko watu walicheka, wakamwangalia, wakacheka zaidi, naye akatazama mbele na kuwaacha wamalize. Ilimuuma, lakini kidogo kuliko buchani, maana sasa alijua kinachochekwa.

Sehemu ya tatu ilipofika, Vilma aliimba "Mfunike miguu" akanyamaza. Alibaki ameinamia kitanda, mkavu, mikono mapajani. Aliyetoka mlangoni ni Holub. Hakuwa mwigizaji mzuri, na hakujua afanye nini na mikono yake mikubwa, kwa hiyo akaiacha ining'inie. Kilio kilipomtoka, mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akajikuta peke yake. Wanaume wa Klatovy walikuwa wametazama sakafu. Wengi wao walikuwa na kaburi dogo mahali fulani, na walikuwa wamekwenda kazini siku ile.

Hynek aliongoza hadi mwisho bila kugeuza uso. Apolena aliuona mgongo tu, na koti lilikuwa limeloa kati ya mabega.

Baadaye watu walimzunguka Hynek kwa makofi na bia. Meya alimshika mkono akautikisa. "Bwana Vrzal, ule wimbo wa baba! Nimesikia opera Praha, sijasikia kitu kama kile. Umekitoa wapi?"

Hynek akatazama huku na huku. Holub alikuwa karibu, Vilma alikuwa karibu, na mke wa daktari, na muuza dawa. Masikio yalimgeuka mekundu.

"Kwa mke wangu," akasema. "Siku tulipompoteza mtoto, nilimsikia."

"Aa," meya akasema, akamgeukia Apolena kwa heshima. "Pole sana, mama."

Apolena angeweza kuipokea. Ilikuwa heshima, na hakuwa nazo nyingi. Watu wote walikuwa wamemgeukia na zile nyuso za huruma, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwona mkavu.

"Mwongo huyo," akasema, na sauti yake ikafika hadi madirishani. "Mimi siku ile sikulia. Aliyelia ni yeye."

Holub alishusha bilauri yake ya bia. Hynek alisimama katikati ya watu waliomjua tangu utoto, mdomo wazi, bila kofia wala kinanda wala mlango wa kufunga. Meya akakohoa. Halafu Holub, kwa ule mkono wake wenye harufu ya moshi wa nyama, akamshika Hynek bega, akaliacha lile bega ndani ya kiganja chake.

Hynek akautafuta mkono wa mkewe. Apolena akampa. Vidole vya Hynek vilikuwa baridi, akavikunja ndani ya vyake kuvipasha moto. Lakini Hynek alikuwa ameinamisha kichwa upande, midomo ikimchezacheza, na Apolena akajua kwamba lile neno "mwongo" limeshaingia mahali, na kabla ya Krismasi atalisikia kwenye piano.